Itadakimasu, na Karibu Tule

Nikiri mapema: mimi ni mgonjwa wa Japani. Ilianza na katuni za chuoni, zikaja riwaya za Natsume Soseki, kisha video za mafundi wanaounga vikombe vilivyovunjika na kuipamba mistari ya ufa kwa dhahabu. Kazini wamenizoea. Nikianza kueleza keigo, lugha ya heshima ya Kijapani, kila mtu anakumbuka ghafla kwamba ana stori ya kumalizia.

Binti yangu wa miaka sita nimemfundisha kusema "itadakimasu" kabla ya kula, neno la kupokea chakula kwa unyenyekevu. Mwezi uliopita mama alikuja kutoka Korogwe. Mtoto akakutanisha viganja mbele ya ugali, akalisema. Bibi yake akafurahi, akaelezwa maana. Kisha akauliza, "Sasa mjukuu wangu, mtu akikukuta unakula, unamwambiaje?"

Kimya. Mtoto akanitazama mimi.

"Unasema, karibu tule," mama akamwambia taratibu. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Usiku ule nilitafuta wa kumlaumu: katuni, mtandao, shule. Lakini ukweli ni kwamba itadakimasu haikuifukuza "karibu" nyumbani kwangu. Ilikuta nafasi tupu. Geti tumefunga, kila mtu anakula na simu yake; mtoto angemkaribisha nani?

Nikamrudia Soseki. Serikali yake ilimpeleka London mwaka 1900, akakaa miaka miwili ya upweke mkali. Mwaka 1914 aliwasimulia wanafunzi jinsi alivyowahi kubeba maoni ya Wazungu kana kwamba ni yake, mpaka alipoamua kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Vitabu vya Kiingereza hakuviacha. Aliporudi alivifundisha chuo kikuu, Tokyo. Alichoacha ni kuvisoma kwa macho ya kuazima.

Nami Japani siiachi. Ila sasa najua kwa nini keigo ilinigusa: nimelelewa kwenye shikamoo. Macho yaliyoiona ni ya Korogwe. Nikiyapoteza hayo, hata Japani sitaiona.

Juzi jirani alikuja kuchukua sufuria yake tukiwa mezani. "Karibu tule!" binti akapaza sauti. Jirani akakaa kweli. Samaki walikuwa wawili tu.

Tukagawana.