Tangazo la Mbwa Mzee

Kuandika tangazo la mbwa mzee ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani, na ninasema hivyo baada ya miaka mitatu ya kufundishwa kuandika barua rasmi, ripoti na muhtasari. Tangazo la mbwa kijana hujiandika lenyewe: ana nguvu, ni mkali, halali usiku. Hapa Bukavu mbwa ni mfanyakazi. Watu wa Muhumba na Nguba humfuga kwa sababu ileile inayowafanya wainue kuta na kupanga vipande vya chupa juu yake: usiku ni mrefu na wezi hawakosi. Anayekuja kuulizia mbwa ana swali moja tu, "Inauma?" Ukimjibu kwamba haiumi, mazungumzo yamekwisha.

Mbwa niliyetaka kumwandikia hakuwa na hata moja ya sifa hizo. Manyoya ya mdomo wake yamekuwa meupe, macho yana ukungu wa rangi ya samawati, na ukimwita kutoka nyuma hageuki. Asubuhi huinuka kwa awamu, miguu ya mbele kwanza, kisha anapumzika, kisha ya nyuma. Daktari wa mifugo alimfungua kinywa, akatazama meno yaliyolika, akasema ana miaka 12 au zaidi. Ni mbwa wa kwetu, wa rangi ya udongo, hana ukoo wa kujivunia. Jina lake ni Tutaona.

Wenye nyumba walimpa jina hilo zamani, wakati wa ugomvi wa mpaka na jirani mmoja. Ni desturi ya watu wengi wa sehemu hizi: neno usiloweza kumwambia jirani usoni, unampa mbwa liwe jina lake, halafu kila jioni unamwita kwa sauti kubwa. Jirani alihama kitambo. Jina likabaki.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka, na katikati ya Februari M23 iliingia Bukavu. Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kusimuliwa siku zile. Kila mmoja wetu anazo zake, na nyingine ni nzito kuliko habari ya mbwa. Nitasema tu kwamba waliokuwa na gari walijaza gari, wakashika njia ya Kamanyola kuelekea Burundi, na katika magari hayo mbwa hawakuwa na nafasi. Kwenye barabara yetu sentineli mmoja alibaki. Ni mtu mzima, amelinda kiwanja kilekile muda mrefu, na sisi wapangaji wa vyumba vya nyuma tunamwita Papa. Siku zilizofuata alizunguka kwenye viwanja vilivyofungwa, akawakusanya mbwa wanne waliokuwa wakilia nyuma ya mageti, akawaweka kwenye banda la kuni. Hakuna aliyemtuma. Benki zilikuwa zimefungwa, mshahara wake haukuja, na bado kila jioni niliona chungu cha bugali kikigawanywa mara tano, naye akiwa wa tano.

Watatu walipata watu kabla ya Pasaka. Walikuwa vijana, wanabweka vizuri. Tutaona akabaki na banda lote peke yake.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, kwa kalamu. Nilidhani ni suala la lugha. Nilitaka kusema kwamba mbwa huyu anatafuta mtu wa kumchukua, na nikagundua kwamba kitenzi hakipo, au vipo vingi na kila kimoja kinavuta upande wake. Kufuga ni kwa mbuzi na kuku: unafuga upate kitu. Kulea ni kwa mtoto, unalea ili akue, na huyu amekwisha kukua. Kuasili ni neno zuri la sheria, lakini nikiandika Bukavu "asili mbwa mzee" watu watauliza kama nimeugua. Hata neno la mahali alipo linanishinda. Kifaransa kina neno lake fupi, refuge. Mimi nina "banda la kuni".

Rafiki niliyesoma naye ngeli alinipa jambo lingine la kufikiria. Kiswahili sanifu kinatudai tuseme "mbwa wangu", lakini "rafiki yangu", "ndugu yangu", "mama yangu". Majina ya watu wa karibu yanaruhusiwa kushika y-, ya wanyama hayaruhusiwi. Sisi wa Bukavu tunasema "imbwa yangu" bila aibu, na mwalimu anaweka wino mwekundu. Najua vizuri kwamba kwetu ile y- inashika karibu kila kitu, pamoja na kiti na sufuria, kwa hiyo hakuna upendo wa kutafuta ndani yake. Hata hivyo, kosa hilo lilinifurahisha kwa wiki nzima.

Nilijaribu pia methali. Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mbwa hafi maji akiona ufuko. Ya kwanza inamsifu msasi, ya pili inazungumzia mtu aliyekaribia kufika. Kwa mbwa aliyefika zamani na sasa analala, sikupata kitu.

Mama yangu, anayekaa Kadutu, alikuwa na neno moja, nalo ni kichaa cha mbwa. Sikubishana naye, kwa sababu ana haki. Ugonjwa huo ukishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na watu wanaoupata hung'atwa na mbwa karibu wote. Kinga yake inajulikana tangu Julai 1885, Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister kule Paris. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha ukimbilie chanjo, usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Kwa upande wa mbwa, chanjo ndiyo mlango. Hati za Tutaona zilipotea pamoja na droo nzima, basi nilichanga na wapangaji wenzangu, akachanjwa upya. Hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ya tangazo niliyoiamini: Amechanjwa.

Sentensi ya pili ilikuwa "Anatafuta nyumba." Papa aliikataa.

Nilimsomea nikiwa nimesimama getini. Alinyamaza, akatazama dirisha la saluni lililozibwa kwa mbao, akasema, "Mtoto wangu, kama unaandika imbwa inatafuta nyumba, unasema hii haiko nyumba yake." Nikamwambia ni maneno tu ya tangazo. "Hapana. Hii imbwa iko ya patroni. Ukiitoa, patroni atarudi aikute wapi?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Nilikuwa nimefikiri kwamba tatizo ni uzee wa mbwa. Papa hakuona uzee wowote. Kwake mbwa yule alikuwa ushahidi kwamba nyumba bado ina wenyewe, sawa na nguo zilizobaki kwenye kamba, ambazo naye alikuwa amezianua, akazikunja na kuzitunza. Watatu wa kwanza aliwatoa kwa sababu hawakuwa wa kiwanja chake. Huyu wa nne alikuwa wa kwake kulindiwa, na kumtafutia makao mapya kulikuwa kusema kwa sauti, kwenye ukuta wa barabara, jambo ambalo watu wengi wa mji huu mwaka huo walikuwa wanalikwepa hata mezani: kwamba huenda walioondoka hawarudi karibuni.

Waliosoma Odisea wanamkumbuka Argos. Odiseo anarudi baada ya miaka 20, amejifanya ombaomba, hakuna anayemtambua ila mbwa wake mzee aliyelala juu ya rundo la mavi ya nyumbu na ng'ombe. Mbwa anatikisa mkia, anakufa. Darasani tulijadili utambuzi, uaminifu na mambo ya namna hiyo. (Mwenzetu mmoja aliuliza mbwa gani anaishi miaka 20, akaambiwa huo ni ushairi.) Sasa nikisoma tena ninatazama rundo la mavi. Argos alikuwa mwindaji. Alipozeeka na bwana hayupo, watumishi walimwacha pale. Nyumba ya mfalme, yenye chakula cha kulisha wachumba zaidi ya 100, ilikosa mtu mmoja wa kumsogeza mbwa mahali pakavu. Papa angemsogeza. Lakini Papa pia alikuwa akisubiri ile sehemu ya pili ya kisa, ya bwana kuingia getini, na mbwa mwenye mifupa inayouma hana miaka ya kusubiri. Msimu wa mvua ungeanza Septemba. Banda la kuni linavuja.

Nilimweleza Papa habari ya Gulu. Kule kaskazini mwa Uganda, baada ya vita ya LRA iliyochukua karibu miaka 20, kuna mradi wa mbwa wa faraja ulioanzishwa na Francis Okello Oloya, ndani ya shirika la The Big Fix Uganda. Yeye mwenyewe alipofuka akiwa na miaka 12, bomu lililozikwa lilipolipuka akilima shamba la familia. Alipokuwa shule ya bweni, kwenda chooni usiku peke yake kulimtisha. Mbwa wa mahali pale wakazoea kutoka kumsindikiza. Alipokuwa mtu mzima alikumbuka jambo hilo, na mradi wake huwachukua mbwa wasio na watu, huwafundisha, kisha huwakabidhi kwa watu waliojeruhiwa na vita moyoni, ambao nao hufundishwa kumtunza mbwa. Nilichotaka Papa asikie ni kwamba mbwa wale hawapewi watu ili waume. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na wenye zile imbwa walikubali?"

Swali hilo lilinituma kwa simu. Namba ya mwenye nyumba, Mama wa familia, Papa alikuwa nayo kwenye karatasi, ila hakuwa amewahi kuipiga kwa habari ya mbwa. Yuko Bujumbura na watoto. Nilijitambulisha, nikaeleza. Kulikuwa na kimya, halafu akauliza, "Bado anaishi?" Nikasikia akiwaambia watoto, na kelele zao. Aliporudi kwenye simu sauti ilikuwa nyingine. Alisema mbwa apewe mtu, asilale kwenye mvua, lakini asibadilishwe jina. Aliomba kuzungumza na Papa. Niliacha simu getini, nikaingia ndani. Hayo hayakuwa yangu.

Kesho yake Papa alinijulisha kwamba naweza kuandika, ila yeye ndiye atakayechagua maneno. Hili ndilo tangazo, kama lilivyobandikwa kwenye duka la pembeni na kwenye geti letu:

"Kuna mbwa dume, mzee, jina Tutaona. Mwenyewe yuko mbali na ameruhusu. Amechanjwa. Hasikii vizuri. Haumi. Anahitaji mahali pakavu na chakula laini. Uliza kwa sentineli."

Neno "nyumba" halimo. Neno "mpya" halimo. Mimi ningeweka "mpole" na "mtulivu". Papa alisema hizo ni sifa za kuuzia, na huyu hauzwi.

Watu sita waliuliza katika mwezi wa Agosti. Wanne waliuliza kama anauma, ingawa imeandikwa. Mmoja alitaka kujua uzito wake, na Papa alimfungia geti kabla hajamaliza sentensi. Wa sita alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama anayeishi peke yake Nguba, watoto wake wametawanyika. Aliuliza, "Anakula nini?"

Anakula bugali laini iliyolainishwa kwa mchuzi wa sambaza, na vichwa vya sambaza vilivyopondwa. (Sambaza naye si mwenyeji wa ziwa letu, aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo nani anamwita mgeni?) Mama alikuja mara nne kabla ya kumchukua, kila mara akikaa kwenye kigoda bandani nusu saa hivi, akisahihisha gazeti la zamani kwa kalamu, mpaka mbwa akazoea harufu yake. Papa alimpa masharti: gunia analolalia liende naye, tena lisifuliwe, kwa sababu mbwa asiyeona vizuri anaishi kwa pua, chombo cha maji kisihamishwe kikishawekwa, mtu asimguse kutoka nyuma akiwa amelala, maana hasikii na atashtuka. Mama aliyaandika yote. Nilipenda kuona mtu akiandika.

Walitembea kwa miguu, Papa akishika kamba. Safari ya nusu saa ilichukua saa moja na nusu, wakipumzika kila kwenye kivuli. Mvua za kwanza zilikuta banda tupu.

Nimekwenda Nguba mara tatu. Tutaona analala kwenye veranda, juu ya gunia lake, na mama anamwita kwa jina lake lote, kwa sauti kubwa kwa sababu ya yale masikio, hivi kwamba jirani mmoja amekwisha kuuliza anaambiwa nini. Picha nimezituma Bujumbura. Mtoto mdogo alijibu kwa sauti iliyorekodiwa, akimwita mbwa, na mama aliiweka simu karibu kabisa na sikio lake. Hakugeuka. Lakini simu ilikuwa imetoka mkononi mwangu, akainusa kwa muda mrefu.

Sahani yake ya bati Papa hakuitoa. Mama alipoiomba alijibiwa kwamba hiyo ni mali ya kiwanja, itakuwa hapo patroni akirudi. Mama hakubishana. Alishuka sokoni akanunua nyingine.