Homa Ikishapita, Mtoto Akabadilika

Mama zangu na ndugu zangu katika Uislamu, yapo maradhi yajayo mara mbili kwa nyuso mbili, na ule uso wa pili ndio unaowapoteza watu. Leo napenda tuutazame uso huo, kwani nimeona jinsi unavyoweza kuitia nyumba njema katika shaka na lawama.

Katika safari yangu moja ya Nairobi, baada ya sala ya Adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, walinijia mume na mke wakaao Kangemi, magharibi ya jiji. "Maalim," akasema yule mama, "twataka umsomee mtoto wetu." Mtoto alikuwa nyumbani na nyanyake. Tukapanda matatu, tukashika barabara ya Waiyaki, nao wakanihadithia njiani.

Binti yao, wa miaka mitatu, alikuwa ameshikwa na homa kali, degedege, na usingizi usioamshika. Hospitalini alitolewa maji ya uti wa mgongo, ikaonekana kuwa virusi vya hapesi vimeingia ubongoni. Navyo ni jamaa ya virusi viletavyo malengelenge midomoni. Akatiwa dawa ya asiklovia mshipani kwa siku 21, akarudi nyumbani akicheka. Wiki ya pili mambo yakageuka. Mikono na miguu ikawa yajipinda bila ya yeye kutaka, usingizi ukamruka, maneno aliyoyajua yakampotea, akawa hamtazami mamake usoni.

Zahanati moja ya jirani iliwapa dawa ya usingizi tu. Ami yake mtoto akaleta mpunga pepo, aliyedai mbuzi na fedha. Na bibi mmoja wa ukoo akamnyoshea mama kidole, kwamba yeye ndiye aliyemtoa mtoto nje wakati wa Magharibi. Mama yule alinieleza haya huku akilia, na nikaona kuwa sasa wagonjwa ni wawili.

Nilimsomea mtoto Fatiha, Ayatul Kursiyyu na sura za kinga. Kisha nikawaambia wazazi, "Kisomo nimekwisha kusoma. Sasa mrudisheni kwa madaktari waliomtibu ile homa, leo hii, msingoje kesho."

Madaktari walipoyapima tena maji ya uti wa mgongo, virusi havikuwamo. Walichokikuta ni kingamwili za mtoto mwenyewe zikiushambulia ubongo wake. Mfano wake ni walinzi wa shamba waliomfukuza mwizi usiku, kisha wakamkamata mwana wa nyumba wakidhani ndiye yule mwizi. Virusi vinapoujeruhi ubongo, sehemu zake zilizokuwa zimesitirika hufichuka, na kinga ya mwili huweza kuzihesabu kuwa adui.

Elimu hii ni changa. Mwaka 2007 daktari Josep Dalmau na wenzake ndio walioeleza kingamwili za namna hii katika ugonjwa wa ubongo. Zamani, mtoto akirudiwa hivi, wengi walidhani ni virusi vilevile vimeamka. Mwaka 2018 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Hispania: wagonjwa 51 wa homa ya ubongo ya hapesi walifuatiliwa, na 14 kati yao wakapatwa na shambulio hili la pili, wote ndani ya miezi mitatu. Watoto wadogo, hasa wa miaka minne kushuka chini, huonyesha zaidi mijongeo isiyo na hiari na degedege. Wakubwa hubadilika tabia na akili. Tiba yake ni nyingine kabisa: steroidi, imunoglobulini mshipani, au kuchujwa damu, ili wale walinzi watulizwe. Nayo ikicheleweshwa, ubongo huendelea kuumia.

Sisi twaamini kuwa majini wapo, na Qur'ani ni ponyo. Lakini sheria yetu haimhukumu mtu bila ya bayana. Basi vipi tumhukumu mtoto kuwa ana pepo, na mamake kuwa ndiye sababu, kwa dhana tupu? Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, aliwaamuru wajitibu, akawajulisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila aliyateremshia dawa, isipokuwa uzee. Kisomo na dawa havigombani. Kinachogombana navyo ni kuchelewa.

Kwa hiyo, mama, mwanao akitoka hospitalini baada ya homa ya ubongo, mwangalie kwa miezi mitatu. Ukiona mijongeo ya ajabu, degedege, kukosa usingizi, kupoteza maneno au tabia kugeuka ghafula, mrudishe upesi. Chukua karatasi zake zote, na uwaambie wazi: "Alikuwa na homa ya ubongo, akapona, na sasa amebadilika." Maneno hayo machache humfungulia daktari mlango. Nanyi waume na wakwe, mchukueni mtoto mkono mmoja na mamake mkono wa pili, kwani lawama haijapata kumponya mgonjwa.

Binti yule hakupona kwa siku moja. Usingizi ulirudi kwanza, mikono ikatulia baadaye, na maneno yanarejea moja moja. Babake ameniarifu kuwa wiki hii amelitaja jina la nyanyake. Tumwombee yeye na watoto wote wa umma huu shifaa isiyoacha maradhi nyuma yake. Amin.