Je, Ni Samli Yangu?

Siku ya tatu ya matanga, wageni walipopungua, mama mdogo aliniita jikoni. Nilidhani anataka nimsaidie kuosha sufuria. Akafungua kabati la chini, akatoa kopo la samli, lile kubwa analonunua duka la Wahindi, akaliweka mezani mbele yangu.

"Mwanangu, wewe umesomea mambo haya. Niambie kweli. Ni hii iliyomuua baba yako mdogo?"

Nina diploma ya uuguzi niliyoipata nyumbani Tanzania na shahada niliyoisomea hapa Uingereza. Nimekaa na familia nyingi wodini, nikawaeleza habari nzito. Lakini usiku ule nilimjibu nusunusu: "Mama, ni mipango ya Mungu." Ni kweli, ila hakuniuliza hilo. Baada ya arobaini nilirudi kwake nikamjibu sawasawa. Naandika majibu yale hapa kwa sababu najua kopo kama lile limo katika majiko mengi ya wasomaji wa gazeti hili, na swali lile limo katika vifua vingi.

Baba mdogo aliugua saratani ya kongosho. Kongosho ni kiungo kidogo, urefu wake kama sentimita 15, kimelala kwa ndani nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo. Kinafanya kazi mbili. Kinatoa insulini ya kusawazisha sukari mwilini, na kinatoa majimaji yenye vimeng'enya vya kusaga chakula, hasa mafuta. Ukila mafuta, kongosho ndilo linaloitwa kazini. Ndiyo maana wanasayansi wamejiuliza kwa muda mrefu kama mafuta ya chakula yana mkono katika saratani yake.

Utafiti mmoja mkubwa wa jambo hili ulitolewa Marekani mwaka 2009. Watu zaidi ya 525,000, wenye umri wa miaka 50 hadi 71, walijaza dodoso la vyakula wanavyokula, kisha wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 6 hivi. Katika muda huo 1,337 kati yao waligundulika na saratani ya kongosho. Wanaume waliokula mafuta mengi kabisa walikuwa na uwezekano wa kuugua uliozidi kwa asilimia 53 ule wa wenzao waliokula kidogo kabisa. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 23. Walipotazama mafuta yanayoganda peke yake, yale ya nyama nyekundu, siagi na maziwa, tofauti ilikuwa asilimia 36 kwa wote. Mafuta ya mimea hayakuonyesha uhusiano huo.

Asilimia 53 inatisha, na mitandaoni hutumwa hivyohivyo bila maelezo. Lakini hebu tuhesabu. Watu 1,337 kati ya 525,000 ni kama watu 25 katika kila 10,000. Tuchukulie kwamba katika wanaume 10,000 wanaokula mafuta kidogo wanaugua 20. Ukiongeza asilimia 53, wanakuwa kama 31. Yaani katika wale 10,000 wapenda samli, 9,969 hawakuugua ugonjwa huu katika miaka hiyo. Hatari imeongezeka, ndiyo. Lakini huwezi kumchukua mgonjwa mmoja ukasema hiki ndicho chakula kilichomuua.

Tena utafiti wa namna hii una mipaka yake. Watu walikumbuka wenyewe walichokula, na anayekula nyama nyingi mara nyingi ana mambo mengine pia: pengine anavuta sigara, pengine ni mnene, pengine hatembei. Watafiti hujitahidi kuyatenganisha hayo kwa hesabu, lakini hayatengani yote. World Cancer Research Fund, shirika linalopima tafiti za chakula na saratani, katika ripoti yake ya mwaka 2012 kuhusu kongosho liliweka ushahidi wa mafuta yanayoganda katika kundi la ushahidi mdogo, wenye kuashiria tu. Unene wa mwili ndio uliowekwa katika kundi la ushahidi wa kuridhisha. Na sigara haina mjadala: anayevuta ana hatari karibu mara mbili ya asiyevuta. Kisukari cha muda mrefu, uvimbe sugu wa kongosho, pombe nyingi na historia ya ugonjwa huu katika ukoo navyo vinahesabiwa.

Nilipomweleza mama mdogo haya, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sigara aliacha alipozaliwa Salma." Nikamwambia kuacha kulimsaidia, na kwamba miaka ile ya kuvuta haikuwa jikoni kwake.

Kisha nikamwambia lililokuwa langu, ambalo sikuwa nimemwambia mtu.

Kiasi cha mwaka mmoja kabla ya kifo chake, baba mdogo alinipigia simu. Mgongo ulikuwa unamuuma katikati, unazidi akilala chali. Alikuwa anafanya kazi ghalani, ananyanyua maboksi. Nikamwambia, "Shikamoo baba, hiyo ni mizigo tu, jichue na upumzike." Miezi miwili baadaye akaniambia amekutwa na sukari. Alikuwa na miaka 61, na kwao hakuna mwenye sukari. Nikamshauri apunguze wali. Tukakutana harusini, amepungua kilo nyingi, suti inamcheza mwilini. Watu wote wakamsifu: "Mzee umependeza, umerudi ujana!" Na mimi muuguzi nilikuwa miongoni mwa waliomsifu.

Maumivu ya mgongo, sukari ya ghafla na kupungua mwili kwa mtu aliyepita miaka 60. Katika mwongozo wa madaktari wa hapa Uingereza, mtu wa umri huo anayepungua mwili, akiwa na maumivu ya mgongo au sukari mpya, anafaa kufikiriwa kipimo cha CT cha haraka. Mambo yote matatu niliyasikia kwa masikio yangu, lakini kila moja lilikuja siku yake, na mimi nilikuwa nasikiliza kama mtoto wa familia, nikaacha kusikiliza kama muuguzi. Alipofika hospitali macho yalikuwa ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, na uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye ini. Aliishi miezi saba.

Huenda ingekuwa vilevile. Ugonjwa huu ni mgumu, wagonjwa wengi hugundulika wakati upasuaji haufai tena, na hakuna kipimo cha kuwapima watu wazima wote kama kile cha matiti. Lakini huenda isingekuwa vilevile. Mama mdogo alinisikiliza hadi mwisho, akanishika mkono. "Kumbe sote wawili tumekuwa tukijihukumu," akasema.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu lile kopo. Alipogundulika mumewe, mama mdogo alilificha kabatini, akaanza kumpikia uji mtupu, mboga za kuchemsha na samaki bila mafuta. Akidhani anamtibu, na mgonjwa anazidi kukonda. Mtaalamu wa lishe akatuita. Kongosho lilikuwa halitoi tena vimeng'enya vya kutosha, ndiyo maana choo kilikuwa cheupe, cha mafuta, kinaelea. Akaandikiwa vidonge vya vimeng'enya vya kumeza pamoja na chakula, na tukaambiwa tusimnyime mafuta, maana sasa anahitaji kila nguvu anayoweza kupata.

Baba mdogo akasoma karatasi ya dawa. Vimeng'enya vinatokana na kongosho la nguruwe. Akavirudisha mezani. Wiki mbili hakuvigusa, na sisi hatukumlazimisha. Nilimuuliza mfamasia kama ipo dawa ya aina nyingine ya kufanya kazi hiyo, akasema hana. Ndipo imamu wa msikiti wake akaja nyumbani, akamkumbusha hukumu ya dharura: pasipo na badala, mgonjwa hapati dhambi. Akaanza kumeza. Tumbo likatulia. Siku moja akaomba pilau, na mama mdogo akatoa kopo lile kabatini, akampikia. Alikula sahani nzima. Kwa familia ya Kiislamu itakayokutana na dawa hizi, nashauri muulizeni mfamasia na sheikhe wenu siku ya kwanza. Msipoteze wiki mbili.

Kwa sisi wazima, hesabu ni nyingine. Nyumbani Tanga samli ilikuwa ya Idi, ya harusi, ya mgeni. Mbuzi alichinjwa kwa siku maalumu, na siku nyingine tulikula dagaa, kunde na mchicha, tukitembea kwa miguu. Huku nyama ni rahisi, friza limejaa, kazini tunakwenda kwa gari, na chakula cha siku moja kimekuwa chakula cha kila siku. Serikali ya hapa inashauri mafuta yanayoganda yasizidi gramu 30 kwa siku kwa mwanamume na 20 kwa mwanamke. Kijiko kikubwa kimoja cha samli kina kama gramu 8 za mafuta hayo. Vijiko vitatu vinamvusha mwanamke kiwango cha siku nzima kabla hajagusa nyama. Kupunguza kunalinda moyo, jambo ambalo lina ushahidi mzito zaidi, na pengine kunalinda kongosho pia. Ukipunguza na unene, na ukiacha sigara, hapo umefanya kubwa zaidi.

Na muwatazame wazee wenu. Manjano machoni, mkojo mweusi, choo cheupe kinachoelea, mwili kuwasha bila upele, sukari ya ghafla, mgongo usiopona, kukonda bila kufunga wala mazoezi. Mzee akikonda msimsifu kwanza. Muulizeni, "Umekusudia?" Asipokuwa amekusudia, mpelekeni kwa daktari na mmtajie dalili zote kwa pamoja, kwa sababu wazee wetu hutaja moja wakaziacha nyingine, wakiogopa kusumbua watu.

Kopo la mama mdogo bado lipo. Nilipokwenda mwezi uliopita alinipikia pilau. Alichota kijiko kimoja, akanitazama kama anayeniuliza, kisha akafunika.