Shilingi za Wapi?

Nilipokuwa mtoto Musoma, mwishoni mwa miaka ya 1960, abiria walioshuka MV Victoria wakitoka Kisumu walisimulia bei za huko, na hakuna aliyewauliza ni shilingi za wapi. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imetumika nchi zote tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, tangu miaka ya 1920. Hata Benki Kuu yetu ilipotoa noti zake Juni 1966, mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka uliofuata uliziacha zilingane na za majirani, shilingi kwa shilingi. Senti tano ilikuwa na samaki, ishirini ilikuwa na mbuni, thumni ilikuwa na sungura, na upande wa pili alikuwa Mwalimu Nyerere. Mama alizitunza kwenye kopo la majani ya chai, na kwa samaki wawili watatu nilirudi kutoka dukani na kitu mdomoni.

Usawa huo haukudumu. Kila nchi ilianza kulinda fedha zake za kigeni, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Februari mwaka huo mpaka wa Sirari, kati yetu na Kenya, ukafungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Wakati huo huku kwetu bei ilikuwa kazi ya Tume ya Bei, iliyoundwa mwaka 1973. Sabuni ilikuwa na bei halali, imeandikwa na kugongwa mhuri. Sabuni yenyewe ndiyo haikuwapo. Ilikuwa Isebania, ng'ambo ya mpaka.

Kwa hiyo ilitubidi tumngojee mama mmoja wa Tarime aliyekuwa akishukia Bunda na furushi lake, sabuni na mafuta ya kupikia vikiwa chini, dagaa juu. Hakuwa na bei iliyoandikwa. Alikutazama viatu kwanza. Kisha akauliza, "Utalipa kwa ya Kenya au ya kwetu?" na kabla hujajibu alikuwa ameshapiga hesabu kichwani: shilingi ya Kenya kwa bei ya magendo, si ile ya benki, nauli, mgambo wa njiani, na faida yake. Mwalimu wa shule alitajiwa bei moja, karani wa kiwanda cha kuchambua pamba akatajiwa nyingine. Ukimwambia, "Mama, punguza kidogo," alijibu, "Mwanangu, sabuni hii imelala porini siku mbili," halafu akapunguza. Operesheni ya wahujumu uchumi ilipopita mwaka 1983, hatukumwona tena.

Mwalimu alistaafu urais mwaka 1985 akarudi Butiama, baada ya miaka ya kuvutana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu thamani ya shilingi. Mwaka uliofuata serikali ya Mzee Mwinyi ikakubaliana nalo, na dola iliyokuwa shilingi 17 ikawa 40. Mwaka 1966 ilikuwa shilingi 7 na senti kidogo. Siku hizi ni 2,500 hivi, ikipanda na kushuka. Sarafu ya shilingi 100 bado ina sura ya Mwalimu, na nyuma yake swala wanakimbia. Wana haki ya kukimbia.

Sasa mpwa wangu anashona mikoba ya kitenge karibu na soko la Nyasho na kuiuza kwenye intaneti. Mkoba ni shilingi 25,000. Mteja akifungua ukurasa, programu inakisia yuko nchi gani, inachukua kiwango cha siku na kumwonyesha bei kwa fedha ya kwao. Nilikaa naye alipokuwa akiijaribu. Mtu wa Kisii aliona shilingi za Kenya 1,315.79. Mtu wa Muscat aliona riyali 3.846, kwa kuwa riyali moja ni baisa elfu. Wa Kampala hakuona senti hata moja. Nami wa Musoma niliona 25,000.00, sifuri mbili mwishoni kwa heshima ya senti zilizokufa zamani.

"Mjomba, nani atalipa senti 79?" akaniuliza. Akaifunga bei ya Kenya kwenye 1,350, ili kiwango kikiyumba kidogo asile hasara, na makato ya kutuma fedha yapate pa kutoka. Nilimtazama nikamkumbuka yule mama wa Tarime. Tofauti ni kwamba programu haioni viatu.

Mimi mwenyewe nimenunua miwani ya kusomea kwenye duka moja la ng'ambo lililonionyesha bei kwa shilingi zetu. Nilifurahi. Makato yalipokuja yalikuwa zaidi: duka lilidai kwa dola, na kadi ikabadilisha kwa kiwango chake. Zile shilingi nilizoonyeshwa zilikuwa tafsiri tu, bei yenyewe ilikaa kwenye dola. Machi 2025 serikali ilipiga marufuku kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni, na naiunga mkono. Mtu kupangishiwa nyumba kwa dola katika nchi yake ni dharau. Lakini mkulima wa pamba wa Bunda hajawahi kutajiwa bei kwa dola, na bado soko la dunia likianguka, anaanguka nalo.

Juzi akaja mteja wa kweli kutoka Kisii. Alikuwa ameona 1,350 kwa fedha ya kwao, imeandikwa wazi, haina swali. Akatuma ujumbe hata hivyo: "Dada, mwisho ngapi?" Mpwa wangu akanigeuzia simu nisome, akacheka, akaandika 1,300. Fedha ilifika kwa M-Pesa kabla hatujamaliza chai, na mkoba ukaondoka na basi la Sirari.