Deni la Nyanya

Wahenga walisema, "Mficha uchi hazai." Wahenga hao hao wakasema, "Aibu ya maiti aijuaye mwosha." Methali ya kwanza yamhimiza mwenye shida aifichue ili asaidiwe, ya pili yamtaka msaidizi ayasitiri aliyoyaona. Darasani nilizisoma kama mfano wa methali zinazokinzana. Sikujua kwamba siku moja zingegongana mikononi mwangu, nikiwa nimeshika kalamu na orodha ya wenye njaa.

Nilikulia Kitui, ambako mvua ya Oktoba hadi Disemba ndiyo tegemeo kuu la mkulima. Januari 2009, Rais Mwai Kibaki alipotangaza njaa kuwa janga la kitaifa, nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Ghalani mwa nyanya mlikuwa na mtama kidogo na kunde za kuhesabika. Hata hivyo, jioni moja, giza lilipoanza kutanda, alijaza mtama kwenye gorogoro, akaifunika kwa leso na kunituma kwa jirani aliyekuwa na watoto wanne.

"Mwambie nimerudisha deni lake," akaniagiza.

"Nyanya, kwani tulikopa lini?"

"Mjukuu wangu, deni hilo limekuzidi umri. Nenda."

Mama yule aliipokea gorogoro kwa mikono miwili. "Mwambie ahsante. Hata mimi nilikuwa nimelisahau." Miaka mingi baadaye ndipo nilipotambua kwamba hapakuwa na deni lolote, na kwamba wote wawili walilijua hilo.

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha katika maeneo kame ya Kenya. Nyanya alikuwa ameshatutoka. Nami nilikuwa nyumbani, shahada ya kwanza iko sandukuni, kazi sina. Kamati ya kijiji iliyopokea chakula cha msaada ikaniteua kuwa katibu, ati kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Nikaandika orodha: jina, idadi ya watoto, na sababu ya uhitaji. Siku ya ugawaji, mwenyekiti alifungua baraza kwa ile methali ya kwanza, nami nikaanza kusoma. Nilisoma kila kitu: mjane, mume mlevi, hana shamba. Vijana wakacheka pembeni. Mmoja akapiga picha kwa simu.

Nilipofikia jina la jirani yule wa nyanya, nililiita mara tatu. Hakuitika. Nikainua macho, nikamwona anaondoka, gunia tupu amelikunja kwapani.

Jioni hiyo niliufunga mgao wake kwenye baiskeli, nikampelekea.

"Mama," nikamwambia, "nyanya aliniachia deni lako nilirudishe."

Alinitazama kwa muda. "Nyanya yako hakuwa na deni nami, mwanangu. Weka hapo kando ya mtungi."

Sisemi kwamba orodha ni mbaya. Pasipo orodha, mgao huishia kwa jamaa za wenye vyeo, naye mnyonge akaambulia patupu. Tena Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na mwenye kudai haki yake hana sababu ya kuinamisha uso. Kosa langu lilikuwa kusoma hadharani yale ambayo kamati pekee ndiyo iliyohitaji kuyajua.

Katika ugawaji uliofuata tulizipanga nyumba kumi kumi, kwa mfano wa mwethya, ushirika ambao Wakamba wameutumia tangu zamani kulimiana mashamba na kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Katika mwethya, anayelimiwa leo ndiye atakayemlimia mwenziwe kesho; kwa hiyo hakuna ombaomba. Kila kikundi kilipokea mgao wake na kuugawa chenyewe. Barazani tulitaja nambari ya kikundi na kilo zake. Majina na sababu vikabaki daftarini, tayari kwa mkaguzi yeyote. Kilo zilitimia. Mama yule alikuja.

Sasa naona kwamba methali zile hazikinzani. Kila moja ina mtu wake wa kuambiwa: ya kwanza ni ya mwenye shida, tena aambiwe faraghani, ya pili ni ya mwenye kugawa. Siku ile mwenyekiti na mimi tuliwatangazia wengine methali yao, tukaisahau iliyokuwa yetu.

Ndugu msomaji, wengi wetu tutaondoka chuoni tukawe walimu, maafisa na makatibu wa kamati kama ile. Siku utakapokabidhiwa kalamu na orodha, ikumbuke gorogoro iliyofunikwa kwa leso.