Ubao wa Miswaki

Mwaka 1983 mswaki wa dukani ulikuwa mali. Ndio wakati ule wa vita vya Tanzania dhidi ya wahujumu uchumi, bidhaa zimeadimika. Sabuni na dawa ya meno tulizipangia foleni, na mara nyingi foleni iliisha mikono mitupu. Nyumbani kwa bibi, Kisarawe, hatukuhangaika. Alfajiri alikata kijiti cha mwarobaini nyuma ya jiko, akatafuna ncha mpaka nyuzi zikachanua, akasugua meno kwa chumvi na unga wa mkaa. Akimaliza, kijiti anakitupa. Kesho ni kingine, kibichi. Shida yake ilikuwa maji tu: kata moja, ya kusukutua na kunawa uso. Maji ya Mto Ruvu yalikuja kufika Kisarawe mwaka 2020, bibi hayupo tena.

Nilipokwenda shule ya bweni Kibaha, niliyakuta mambo kinyume. Maji tulikuwa nayo, maana mtambo wa maji wa Ruvu Juu uko Mlandizi, jirani tu. Miswaki ya plastiki tulikuwa nayo pia, lakini kila mmoja aliogopa kuibiwa. Ukishapiga mswaki unaufunga mbichi kwenye mfuko wa nailoni, unausokomeza trankani kati ya soksi na vipande vya mkate, unatia kufuli. Mende hawakuzuiwa na kufuli. Mwenzangu wa kitanda cha juu alikuwa na mswaki ambao nyuzi zake zimelala pande zote, na kwenye mashina yake pameota weusi unaoteleza ukiugusa. Aliutumia, na akiombwa aliuazima. Hilo la kuazimana linaniuma mpaka leo, kwa sababu fizi zikitoka damu, homa ya ini hupita hapo hapo.

Siku moja akaja Bwana Afya, akatufungulisha matranka. Hakugomba. Aliagiza ubao, akautoboa matundu yaliyoachana, chini ya kila tundu akaandika jina. Mswaki, alisema, ukung'utwe, usimame kichwa juu, usiguse wa mwenzake, upigwe na upepo mbali na choo; unyevu uliofungiwa ndio unaolea vijidudu. Ubao ukapigiliwa ukutani, nje ya bafu, mahali anapopita kila mtu. Wengi tuliamini miswaki ingekwisha siku hiyo hiyo. Haikupotea hata mmoja, kwani nani angesimama bombani asubuhi, bweni zima likimtazama, na mswaki aliouchomoa kwenye jina la mwingine?