Kimya cha Brigflatts, Vigelegele vya Kaimosi

Kaimosi husikika kabla haijaonekana. Ukishuka kwenye matatu itokayo Chavakali, mashamba ya chai ukiyaacha nyuma, sauti za kina mama zinakupokea ungali barabarani: mmoja anaanzisha, mamia wanaitikia, ngoma inafuata, na kigelegele kinapasua katikati. Ni mkutano wa Marafiki, waumini ambao duniani wanajulikana zaidi kwa jina la Quaker. Atakayefika hapa baada ya kusoma vitabuni kwamba Quaker ni watu wa kukaa kimya atadhani amepotea njia.

Hajapotea. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa 1901, na mwaka uliofuata Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, wakafika Kaimosi. Walitoka katika tawi la Marafiki wa Marekani ambalo lilikuwa limekwisha kukubali wachungaji, mahubiri na nyimbo za uamsho. Wakaja nazo. Leo Kenya ina Marafiki zaidi ya 100,000, wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na wengi wao wako hapa magharibi: Vihiga, Kakamega, Bungoma, Trans Nzoia. Uingereza, kulikoanzia mambo haya yote katika karne ya 17, hawafiki hata 20,000.

Siku ya mkutano mkubwa hakuna anayeangalia saa. Kwaya ya vijana inaipisha ya kina mama, kina mama wanaipisha ya wazee. Mahubiri yanatolewa kwa Kiswahili, lakini mzee akiguswa sana anarudi kwenye Luragoli au Lubukusu na hakuna anayemlaumu. Halafu kuna ushuhuda, na hapo ndipo daftari langu lilipojaa. Mtu anasimama, anasalimia kanisa, anaeleza alikopita: mwana aliyepotelea Nairobi akarudi, shamba lililomgombanisha na shemejiye, ugonjwa. Anasema mbele ya watu wote, pamoja na huyo shemeji. Ubatizo wa maji haupo wala divai ya ushirika, kwa maana Marafiki wanaamini neema haihitaji chombo. Nikaona kwamba ushuhuda umechukua sehemu ya nafasi hiyo. Mtu anajimwaga mbele ya jumuiya, na jumuiya inampokea.

Brigflatts ni kinyume cha haya yote, au ndivyo macho yanavyoona kwanza. Iko kaskazini-magharibi mwa Uingereza, karibu na mji mdogo wa Sedbergh. Nyumba ya mikutano ilijengwa mwaka 1675: kuta za mawe zilizopakwa chokaa, roshani ya mbao, mabenchi yanayotazamana, na chini ya ngazi kizimba kidogo ambamo wachungaji wa kondoo walifungia mbwa wao wakati wa ibada. Hakuna mimbari wala msalaba. Watu waliingia mmoja mmoja, wakaketi, na ibada ikawa imeanza bila mtu yeyote kuianzisha. Baada ya muda mrefu mama mmoja alisimama, akasema maneno machache juu ya jirani anayemuuguza, akaketi. Kimya kikayafunika maneno yale, wala hakuna aliyemjibu. Saa ilipotimia wazee wawili wakapeana mikono, kisha sote tukapeana mikono na wa kando yetu, na ibada ikaisha hivyo. Ikafuata chai, na kwenye chai ndipo nilipojua kwamba wale watu waliokaa kama mawe wana orodha ndefu ya kazi: kutembelea wafungwa, kuwafundisha wakimbizi Kiingereza, kuandika barua bungeni dhidi ya uuzaji wa silaha.

Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba kimya hiki ni cha watu walioshiba. Ni rahisi kutulia saa nzima pale ambapo hakuna aliyekuchomea nyumba. Lakini tarehe za mahali penyewe zinalipinga wazo hilo. Mnamo Juni 1652 George Fox, mwanzilishi wa Marafiki, alihubiria watu wapatao elfu moja juu ya mlima wa Firbank, si mbali na hapa, na miaka iliyofuata yeye na wenzake walikuwa wakiingia na kutoka gerezani. Margaret Fell, mwenye nyumba ya Swarthmoor iliyokuwa kama makao yao makuu, alifungwa miaka minne katika ngome ya Lancaster kwa sababu ya mikutano iliyofanyika nyumbani kwake. Brigflatts ilipojengwa, mkutano wa namna hii ulikuwa bado kosa la jinai. Sheria ya kuvumilia madhehebu mengine haikupitishwa hadi 1689. Waliokaa kwanza kwenye mabenchi yale walikaa kimya wakijua kwamba askari anaweza kuingia wakati wowote, nao hawakuwa na upanga mkononi. Mwanzoni mwa 1661 walikuwa wamempelekea Mfalme Charles wa Pili tamko kwamba hawatapigana kwa silaha kwa sababu yoyote ile, iwe ya ufalme wa Kristo au wa dunia hii. Kwa hiyo kimya chao kilikuwa kazi ngumu, na namheshimu yule mama wa Sedbergh aliyeirithi.

Pwani yetu nayo iliwahi kukionja kimya hicho. Mwaka 1897, Sultani wa Zanzibar alipoondoa hali ya utumwa kisheria, Marafiki wa Uingereza walifungua misheni Banani, kisiwani Pemba, ili waliotoka utumwani wapate kazi ya karafuu yenye ujira. Ilikuwa kazi ya haki na ilidumu miongo mingi, lakini waumini walibaki wachache sana. Pemba ilikuwa na Uislamu wake uliokita mizizi, na hiyo peke yake yatosha kuwa sababu. Hata hivyo ninapoiweka Banani kando ya Kaimosi nawaza kwamba Waluhya wa huku walipewa dini waliyoweza kuiimba, wakaifanya yao.

Kuna jambo moja ambalo Kaimosi na London wanalifanya kwa namna moja, nalo ni kikao cha kazi. Katika nyumba yao kubwa ya barabara ya Euston, London, Marafiki wa Uingereza hujadili bajeti, majengo, ndoa, hata vita, bila kupiga kura. Karani husikiliza mpaka ahisi kikao kimefika mahali, kisha anaandika muhtasari palepale, watu wote wakimsubiri, anausoma kwa sauti na kuuliza kama unakubalika. Asiyekubali anasema. Karani anaandika upya, au jambo linaahirishwa hadi mwakani. Mgeni anaweza kuchoshwa. Mimi nilivutiwa, maana nimekulia katika siasa ambayo nusu ya watu wakiongezeka mmoja, nusu nyingine hutakiwa kunyamaza. Kaimosi wana karani wao na wana utaratibu huohuo kwenye vitabu vyao vya nidhamu.

Inaniuma kuandika kwamba utaratibu huo umewashinda mara nyingi. Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, yaani chombo kikuu cha Marafiki wa huku, ulianzishwa 1946 ukiwa mmoja. Mwaka 1973 wa Elgon wakajitenga, na tangu hapo kumekatwa vipande vingine vingi. Sehemu ya sababu ni wingi wa watu na umbali, jambo lisilo na ubaya. Sehemu nyingine ni ukabila mdogomdogo na ugomvi wa vyeo na mali, mashauri yakifika hadi mahakamani. Nimewasikia Marafiki wenyewe wakilisema hili kwa uchungu, na nadhani uchungu huo una faida kuliko kulificha. Kanisa linalopatanisha wengine lazima liulizwe linavyojipatanisha lenyewe.

Kibimba sasa. Iko kando ya barabara kuu itokayo Bujumbura kwenda Gitega, nchini Burundi. Marafiki walifika mwaka 1934, na aliyewaongoza ni yuleyule Arthur Chilson wa Kaimosi, aliyehamia huko akiwa mtu mzima. Kuna kanisa, hospitali, shule. Na kuna kumbukumbu yenye maneno ya Kifaransa yanayoapa kwamba jambo lile lisitokee tena kamwe.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, aliyeingia madarakani miezi michache tu kabla, aliuawa na wanajeshi. Alikuwa Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais wa nchi ile. Habari ilipoenea, wanafunzi Watutsi wa Kibimba walikamatwa, wakafungiwa katika jengo la kituo cha mafuta kando ya barabara, likatiwa moto. Walikufa makumi kwa makumi. Kisasi cha jeshi kikafuata, na Wahutu wakakimbilia milimani huku Watutsi wakikusanyika kambini chini ya ulinzi. Watu waliosali benchi moja wakawa hawawezi kukutana hata sokoni. Kwingineko, Kwibuka, mwalimu na mchungaji David Niyonzima alinusurika wanajeshi waliposhambulia shule ya wachungaji aliyokuwa akiiongoza, na wanafunzi wake kadhaa wakauawa. Baadaye alianzisha shirika la kutibu majeraha ya moyo. Kibimba penyewe, mwaka 1994, vita bado vikiendelea, watu wachache wa pande zote mbili waliunda kamati ya amani. Hawakuanza na hotuba. Walihangaikia shule ya msingi ifunguliwe tena, ili watoto wa kambini na watoto wa milimani wakae darasa moja, na hospitali ihudumie kila mgonjwa.

Hapo Kibimba kimya kina sura nyingine kabisa. Ni kimya cha mtu anayejua nani alimuua ndugu yake na anakutana naye kisimani. Kukaa mabenchi yanayotazamana na kungoja Roho, katika hali ile, kungekuwa kuongeza mzigo. Kwa hiyo Marafiki wa Burundi na Rwanda, kuanzia 2003, walitengeneza namna yao ya kukutana, semina ya siku tatu inayojulikana kwa kifupi HROC, ya kuponya na kujenga upya jumuiya. Wanaalikwa watu wapatao ishirini: kumi wa upande huu, kumi wa upande ule. Nchini Rwanda mara nyingi kumi ni manusura wa mauaji ya 1994, na kumi ni waliotoka gerezani au jamaa zao. Siku ya kwanza wanafundishwa jeraha la moyo ni nini na linauvurugaje mwili: usingizi kukatika, kichwa kuuma, hasira isiyo na sababu. Watu hushangaa kujua kwamba hawana wazimu. Siku ya pili ni ya kilio. Kila mmoja anasema alichopoteza, wengine wanasikiliza, na asiyeweza kusema hashurutishwi. Siku ya tatu ni ya kuaminiana: mmoja anafungwa kitambaa machoni, mwingine anamshika mkono na kumwongoza uani, penye mawe na mifereji, kisha wanabadilishana.

Mama mmoja wa Gitega, aliyejifunzia Kiswahili chake Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, alinisimulia kuhusu matembezi hayo. Nilipomuuliza aliogopa nini zaidi, sikutegemea jibu lake. Hakuogopa kuongozwa na mwenzake wa upande wa pili, alisema. Aliogopa zamu yake ya kumwongoza ilipofika, kwa sababu shimo lilikuwapo palepale na yeye alikuwa analiona.

Nilirudi Kenya na maneno hayo. Huku nasi tulikuwa na moto wetu. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo. Ghasia za baada ya uchaguzi ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwatoa makwao wapatao 600,000. Ukanda wa Turbo na Lugari, wenye makanisa mengi ya Marafiki, ulikuwa mpakani mwa ghasia hizo. David Zarembka, Rafiki wa Kimarekani aliyeishi Lumakanda hadi kifo chake mwaka 2021, alikuwa nyumbani kwake na wakimbizi walikuja hadi mjini mwake. Mwezi uleule viongozi wa Marafiki wakakutana Kakamega na kuunda vikosi vya amani vya kanisa. Vilianza na chakula na blanketi. Vikaendelea na kuketi na watu kambini kuwasikiliza tu, na baadaye kuketi pia na waliobaki vijijini, ambao wengine walikuwa wamepora mali za majirani. Hilo la pili liliwagharimu lawama, nami naliona ndilo lililokuwa la maana zaidi.

Walimu wa kazi hiyo walitoka wapi? Sehemu ya mbinu ilitoka Marekani, katika gereza la Green Haven, New York, ambako mwaka 1975 wafungwa waliwaomba Marafiki wawasaidie kufundisha vijana njia za kuepuka ukatili. Lakini ya HROC ilitoka Burundi na Rwanda. Waliofundishwa injili na Chilson wa Kaimosi kuanzia 1934 sasa walikuwa wanaifundisha Kenya jinsi ya kukaa na muuaji, na Mlima Elgon, uliokuwa umeraruliwa na wanamgambo na kisha na operesheni ya jeshi, ulikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza palipopokea semina hizo.

Mwaka 2012 Marafiki wa dunia nzima, mamia kwa mamia, walifanya mkutano wao katika Chuo Kikuu cha Kabarak, karibu na Nakuru, na wa kimya na wa nyimbo wakaabudu pamoja. Nimeongea na waliohudhuria kutoka pande zote. Wa Uingereza wanakumbuka kwaya. Wa Vihiga wanakumbuka kwamba walistahimili kimya kirefu wakagundua kina kitu ndani yake.

Uchaguzi mkuu wa Kenya utarudi Agosti 2027. Nilipopita Lugari niliwauliza wazee wa kanisa wanajiandaaje, wakanitajia mafunzo, vijana wa bodaboda, waangalizi. Nikawauliza pia, kwa heshima, kama wamewahi kuwaketisha makarani na wachungaji wa pande mbili za mkutano uliogawanyika katika duara lile la siku tatu, kumi kwa kumi, na kitambaa machoni. Walitazamana. Mmoja wao, mzee aliyekuwa akiandika muhtasari wa kikao miaka mingi, akasema jambo hilo halijaletwa mezani, na kwamba yeye atalileta.